Matokeo ya mtihani wa lugha yasifutwe mwombaji akiwa bado kazini Kanada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie sharti moja la uhamiaji wa Kanada ambalo linawagusa vijana wetu wengi waliosoma na wanaofanya kazi huku, lakini ambalo sijaona likijadiliwa kwa Kiswahili kwa kina linachostahili. Ni sharti la mtihani wa Kiingereza au Kifaransa kwa wanaoomba ukaazi wa kudumu kwa njia ya kazi na ujuzi, na hasa kifungu kinachosema kwamba matokeo ya mtihani huo yanahesabika kwa miaka miwili tu.

Niseme mapema kwamba siupingi mtihani wenyewe. Kabla ya Juni 2010 mwombaji mwenye ujuzi aliruhusiwa kuthibitisha lugha yake kwa maelezo na vyeti, na afisa aliyeshika faili ndiye aliyeamua kama ushahidi huo unatosha. Watu wanaotoka kwetu hawakuwa na sababu kubwa ya kuupenda utaratibu ule, kwa kuwa cheti cha shule ambayo afisa hajawahi kuisikia kilipewa uzito aliotaka yeye. Mtihani mmoja kwa wote, ambao hata mzaliwa wa London analazimika kuufanya, una haki ndani yake. Wakimbizi na wanaodhaminiwa na jamaa zao hawatakiwi kuufanya ili wapate ukaazi, na hilo nalo ni jambo la kushukuru.

Tatizo langu ni muda. Tangu Januari 2015 maombi mengi ya aina hii hupitia mfumo wa Express Entry, ambamo kila mwombaji hupewa alama kati ya jumla ya 1,200, kisha husubiri droo, yaani mzunguko ambao serikali huwaita wenye alama za juu walete maombi yao. Matokeo ya lugha lazima yawe hayajatimiza miaka miwili siku anapoingia katika orodha ya wanaosubiri, na vilevile siku anapowasilisha maombi yenyewe baada ya kuitwa. Mtu akiwa Kinshasa au Mombasa anaweza kuona miaka miwili ni muda mrefu. Lakini mtazame mwanafunzi aliyehitimu Kanada. Tangu Novemba 1, 2024, akitaka kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, anatakiwa kwanza kuleta matokeo ya mtihani wa lugha: kiwango cha 7 katika vipimo vya Kanada kwa mhitimu wa chuo kikuu, na kiwango cha 5 kwa mhitimu wa chuo cha kati. Akishapata kibali, ambacho kinaweza kufika miaka mitatu, inambidi afanye kazi mwaka mzima ndipo astahili kuomba ukaazi kwa njia ya uzoefu wa kazi wa Kanada. Mwaka huo ukiisha, matokeo yake yamebakiwa na miezi michache ya uhai. Droo zikimpita katika miezi hiyo, anarudi kwenye chumba cha mtihani na kulipa tena ada inayokaribia dola 300 za Kanada, huku kibali chenyewe cha kazi kikiwa bado hai mkononi mwake.

Mpwa wangu alihitimu kabla ya sharti hilo la kibali kuanza, lakini muda wa miaka miwili umemkamata vilevile. Anafanya kazi zamu ya usiku katika makao ya wazee. Kila alfajiri, kabla ya kukabidhi zamu, anaandika ripoti kwa Kiingereza: mzee wa chumba hiki alilalamika maumivu ya nyonga saa nane usiku, amegeuzwa ubavu wa kushoto, amekunywa nusu kikombe cha maji, ngozi ya kisigino imeanza kuwa nyekundu na muuguzi amearifiwa. Muuguzi wa asubuhi anaisoma na kuifanyia kazi papo hapo. Hajawahi kurudishiwa ripoti kwa sababu haikueleweka, naye akikosea neno moja pale anayeumia ni mgonjwa. Kwa maoni yangu, hakuna mtihani wa kuandika ulio mzito kuliko huo, na yeye anaufaulu usiku hadi usiku.

Alipofanya IELTS, mmoja wa mitihani ya Kiingereza inayokubaliwa, mara ya kwanza, muda mfupi kabla ya kuhitimu, alipata 6.0 katika kuandika, ambayo ni sawa na kiwango cha 7 katika vipimo vya Kanada. Alama zake za jumla hazikufikia droo yoyote, matokeo yakatimiza miaka miwili, akalazimika kurudia. Alitoka kazini saa moja asubuhi, akabadili nguo, akaenda moja kwa moja kwenye kituo cha mtihani. Katika sehemu ya kusikiliza sauti huchezwa mara moja tu, na hapo alijitahidi. Katika kuandika mtu hupewa dakika 60 kwa kazi mbili, barua ya maneno yasiyopungua 150 na insha ya maneno yasiyopungua 250. Aliniambia kwamba insha aliianza vizuri, kisha usingizi ukamzidi, na saa ikaisha akiwa hajafunga hoja yake ya pili. Alipata 5.5, yaani kiwango cha 6.

Msomaji asiyezijua hesabu hizi anaweza kudhani nusu alama si kitu. Kwa mwombaji asiye na mwenza, kiwango cha 7 katika stadi moja kati ya nne (kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika) humpa alama 17, na kiwango cha 6 humpa 9. Hapo zimekwenda 8. Kisha kuna alama za ziada zinazounganisha elimu na lugha, ambazo hutolewa tu iwapo stadi zote nne zimefika kiwango cha 7. Kwa mwenye cheti kimoja cha chuo, kama yeye, ni alama 13, nazo zikapotea zote. Kwa hiyo binti ambaye baada ya miaka miwili ya kuishi na kufanya kazi kwa Kiingereza anakizungumza vizuri kuliko alipohitimu, kwenye karatasi ameshuka alama 21. Tangu Machi 25, 2025, alama za kuwa na ahadi ya kazi zimeondolewa katika mfumo, kwa hiyo hata mwajiri anayemtaka hawezi tena kumsaidia kulijaza pengo hilo kwa ahadi hiyo.

Wanaotetea miaka miwili husema lugha isiyotumiwa hufifia. Nakubali, kwa sababu nimewaona watu waliosoma Kifaransa shuleni ambao leo salamu tu inawashinda. Hoja hiyo basi iwahusu wasioitumia. Mtu anayeomba kwa uzoefu wa kazi wa Kanada tayari anatakiwa kuambatisha barua ya mwajiri inayotaja cheo chake, majukumu yake na saa zake za kazi. Ushahidi kwamba lugha inatumika umo ndani ya faili lilelile ambalo afisa analo mezani.

Tena serikali hiyohiyo inajua kulitazama jambo hili kwa namna nyingine inapotaka. Anayeomba uraia akiwa na umri wa miaka 18 hadi 54 hutakiwa kuonyesha kiwango cha 4 katika kusikiliza na kuzungumza, na cheti cha sekondari au cha chuo alichosomea kwa Kiingereza au Kifaransa, ndani au nje ya Kanada, kinakubaliwa kuwa ushahidi. Najua kiwango hicho ni cha chini kuliko kinachotakiwa katika Express Entry, na sidai vilingane. Ninachouliza ni kwa nini diploma ya chuo cha Kanada iaminike mlangoni pa uraia, na mlangoni pa ukaazi isitoshe hata kurefusha uhai wa matokeo ambayo mtu alikwisha kuyapata kwa haki.

Pendekezo langu ni dogo. Matokeo ya mtihani yaliyopatikana mara moja yaendelee kuhesabika kwa muda wote ambao mwombaji yuko Kanada kihalali, anafanya kazi au anasoma kwa lugha aliyopimwa, na mwajiri au chuo kinathibitisha hivyo. Anayetaka kuongeza alama awe huru kurudia, na asiye Kanada aendelee na miaka yake miwili. Wasomaji wenzangu ambao tayari ni raia wa Kanada na wanapiga kura, nawaomba wawaandikie wabunge wa majimbo yao kuhusu jambo hili, kwa maana mwombaji mwenyewe hana kura na mara nyingi anaogopa kupaza sauti.

Kwa wale ambao sheria imewakuta njiani, niongeze mambo mawili. La kwanza, kwa maombi ya ukaazi kupitia Express Entry, mtihani wa IELTS unaokubaliwa ni ule wa General Training. Ule wa Academic, ambao wengi waliufanya walipoomba chuo, haukubaliwi. Wakala mmoja alimhakikishia mpwa wangu kwamba unatosha, na kama asingeuliza kwingine, angekuja kuligundua kosa akiwa amechelewa. Mitihani mingine ya Kiingereza inayokubaliwa ni CELPIP na PTE Core.

La pili linawahusu ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa. Nimekutana na wengi ambao, kwa kuwa wanafanya kazi kwa Kiingereza, wamefanya mtihani wa Kiingereza peke yake na kukiacha Kifaransa nyumbani kama nguo ya zamani. Mwenye kiwango cha 7 cha Kifaransa katika stadi zote nne, akiwa pia na kiwango cha 5 au zaidi cha Kiingereza, huongezewa alama 50, na tangu 2023 kuna droo maalumu kwa wenye Kifaransa ambazo mara nyingi zimewaita watu wenye alama za chini mno kuliko droo nyingine. Mitihani inayotakiwa ni TEF Canada au TCF Canada. Nayo pia huisha baada ya miaka miwili, kwa hiyo mtu apange tarehe yake kwa kutazama ni lini atatimiza mwaka wake wa kazi.

Mpwa wangu amejiandikisha tena kwa mwezi ujao. Safari hii amemwachia mwenzake zamu yake ili yeye alale usiku wa kuamkia mtihani, na usiku huo wa kazi anaoukosa hatalipwa.

Wako mtiifu,
Msomaji wako,
Winnipeg, Kanada