Kura ya baba yangu imo katika zile 21,276

Ndugu Mhariri,

Kila ikikaribia Desemba 9 magazeti yetu hutukumbusha Uamuzi wa Busara, na habari huishia pale pale: Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere akawashawishi wajumbe, chama chake cha TANU kikakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, moja kwa kila rangi. Aliyekataa, Zuberi Mtemvu, hupewa sentensi moja, tena akibahatika. Naomba nafasi nimtaje, kwa kuwa nina deni.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu wa darasa la sita. Niliuliza katika jaribio: "Taja chama kilichodai uhuru wa Tanganyika." Mtoto mmoja akaandika ANC. Nikampiga kosa kwa kalamu nyekundu, na pembeni nikaongeza: "Hicho ni cha Afrika Kusini!" Nilikuwa nasahihishia barazani, baba yangu kando. Alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya serikali. Akalivuta lile daftari, akavaa miwani, akacheka hadi akakohoa. Kisha akashusha sauti, maana balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama tawala, tulipakana naye ukuta: "Jibu hili nimempa mimi. Na kura yangu ya mwaka 62 nilimpa Mtemvu."

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nafundisha historia, na sikuwahi kulisikia hilo ndani ya nyumba yetu.

Zuberi Mtemvu alikuwa mtendaji wa TANU. Kilichomtoa ni kura tatu: mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja, vinginevyo kura yake iliharibika. Akaunda African National Congress (ANC) ya Tanganyika, akidai Afrika iwe ya Waafrika. Baba hakuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka kilichotakiwa, wala elimu, kwa hiyo 1958 hakupiga kura. Lakini wazo tu la kumchagua Mzungu, wakati msimamizi wake karakana bado anamwita "boi", lilimkera.

Chama chenyewe kilikuwa kidogo mno. Uchaguzi wa 1960 kilipata kura 337. TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kwenye urais wa 1962 Mtemvu akapata kura 21,276, Mwalimu zaidi ya milioni moja na laki moja. "Tulipanda mara sitini!" baba alijisifu, bila kujali kwamba safari hii wenye haki ya kupiga kura walikuwa wengi zaidi.

Kwa maoni yangu, kilichokimaliza ni kunyang'anywa hoja. Uhuru ulikwishapatikana kwa njia ile ile waliyoikataa, na serikali ya Rashidi Kawawa mwaka 1962 iliharakisha kuwapa Waafrika nafasi za maofisa wa kikoloni. Baba akapandishwa cheo na TANU aliyoinyima kura. Mwaka 1963 Mtemvu naye akarudi TANU. Sheria ya chama kimoja ilipopita 1965, kwa ANC hapakuwa na cha kufuta.

Bado naamini Tabora waliamua sawa. Wangesusa, viti wangeachiwa UTP (United Tanganyika Party), chama alichokipenda Gavana wa Kiingereza. Ila andikeni pia walichobishania, na nani alibisha.

Yule mtoto nilimwekea vema asubuhi yake. Alipouliza kwa nini, nilimwambia nilikosea kusoma mwandiko wake.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro