Barua ya wazi: Mheshimiwa Mkurugenzi, barakoa zako tumezipata

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pole na majukumu. Vifaa ulivyotukabidhi mwezi uliopita mbele ya kamera vimetufikia: makoti ya mvua, glovu, kofia ngumu zenye nembo, na katoni tatu za barakoa za karatasi. Kofia zimetupendeza kwelikweli.

Alhamisi mwenzetu alishuka kwenye chemba ya majitaka nyuma ya soko akiwa amevaa vyote hivyo. Akiwa chini akasema, "Mbona harufu imeisha?" Tukashtuka. Ile gesi ya mayai viza huua pua kwanza. Ukiacha kuisikia, ujue imekuzidi. Kabla hajaifikia ngazi, miguu ikamlegea. Kijana mmoja akataka kumfuata, nikamdaka shati, likachanika mkononi mwangu. Mgonjwa tukamvuta kwa kamba ya manila aliyojifunga kiunoni. Mbavu mbili zimevunjika, ila yu hai. Dawa tunamchangia sisi, maana bado tunaitwa vibarua, mwaka wa 9 huu.

Mheshimiwa, barakoa haitengenezi hewa. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5 mtu haingii, hata ajifunge barakoa kumi. Sisi tunapima kwa nini? Kwa kibatari. Mzee wetu wa zamu hukishusha kwa uzi: kikizimika, hatushuki. Siku kitakapokutana na methani, gesi inayolipuka ikiguswa na moto, sijui mtatuzika na zile kofia au mtazirudisha stoo.

Aliyechagua vifaa hivi simjui. Nahisi hajawahi kuinama kwenye chemba, au barakoa ndizo zilizokuwepo dukani kwa shemeji yake, Mungu anisamehe. Wewe uliahidi "vifaa vya kisasa". Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, si ya jana.

Tulishakuandikia: mkanda wa mwili mzima, stendi ya miguu mitatu yenye winchi, feni ya kupuliza hewa, kipima gesi. Najua, bajeti. Basi hayo mengine acha. Tupe kipima gesi kimoja, kile cha kushika mkononi, tukishushe kabla ya mtu, tupime juu, katikati na chini, maana gesi hazikai kimo kimoja. Kimoja tu, Mheshimiwa, zamu nzima tutashirikiana.

Jumatatu tumepangiwa chemba ileile.

Wako mtiifu,
Kibarua wa majitaka