Nafuu ya sola ianzie dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaotaka serikali iige mtindo wa Marekani wa kuwapunguzia kodi waliofunga sola majumbani. Wenyewe wameshaachana nao: sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ilifuta nafuu hiyo kwa gharama zilizotumika baada ya Desemba 31, 2025. Ila hilo si kubwa.

Kule mtu alipunguziwa kodi ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama, pamoja na fedha ya fundi. Kodi yake ikiwa ndogo, salio lilisogezwa mwaka unaofuata. Asiyedaiwa kodi hakuambulia kitu.

Sasa tuilete hesabu hiyo hapa Mwanga. Mimi ni mwalimu, makato nayajua. Mwenye mshahara wa Sh 500,000 unaotozwa kodi hukatwa asilimia 8 ya kinachozidi Sh 270,000, yaani Sh 18,400 kwa mwezi, Sh 220,800 kwa mwaka. Akifunga sola ya milioni mbili, asilimia 30 ni laki sita. Atazipata kidogo kidogo kwa karibu miaka mitatu, na fundi anataka chake leo jioni.

Huyo ana afadhali. Jirani yangu anauza dagaa Kibirizi. Mauzo yake hayafiki milioni nne kwa mwaka, kwa hiyo kodi ya mapato hadaiwi. Utampunguzia nini? Naye ndiye anayehitaji taa, maana huamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi.

Tena alishapigwa. Duka moja lilimuuzia betri ya gari likamwambia ni ya sola. Betri ya gari imeundwa kuwasha injini, haistahimili kumalizwa chaji kila usiku, haikufikisha mwaka. Risiti hakupewa. Hata tungekuwa na nafuu ya Kimarekani, angeidai kwa karatasi gani?

Sheria ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mwaka 2014 ilipotungwa iliweka paneli, chaji kontrola (kidhibiti chaji ya betri), invata (kigeuza umeme wa betri uwe wa kawaida) na betri za sola kwenye orodha ya bidhaa zisizotozwa kodi hiyo. Tuanzie hapo: nafuu ionekane kwenye bei anayotajiwa mteja akiwa dukani, iguse na waya. TRA, watu wa mapato, wakija kukagua risiti, waje na watu wa TBS, shirika la viwango, wazifungue hizo betri.

Mwalimu,
Mwanga, Kigoma