Kabla ya kununua treni ya mvuke, pigeni hesabu ya maji

Mhariri,

Anayetaka kuweka treni ya mvuke kwenye bustani ya watalii huonyeshwa mfano wa ile inayozunguka Magic Kingdom huko Walt Disney World, Florida, iliyoanza mwaka 1971. Ni vizuri aitazame pia jirani yake, treni ya kambi ya Fort Wilderness, iliyoondolewa mwaka 1980 kabla haijatimiza miaka kumi.

Ilikuwa na vichwa vinne vya mvuke kwenye reli ya upana wa milimita 762 (yetu ya zamani ni 1,000), ikizunguka takriban kilomita 5.6 katikati ya miti na mahema. Abiria hawakuwa tatizo. Wageni wa kambi ile huacha magari yao na kuzunguka kwa usafiri wa ndani.

Tatizo la kwanza lilikuwa maji. Vichwa vya Magic Kingdom huvuta tenda, yaani kibehewa cha maji na mafuta, na mzunguko wao ni kilomita 2.4 tu. Vya Fort Wilderness havikuwa na tenda, vikabeba maji na mafuta vyenyewe kwa safari ndefu zaidi ya mara mbili, na vingine viliishiwa njiani. Mvuke ukishasukuma pistoni hutokea dohani, haurudi. Kila kituo na kila mwinuko hula maji. Yakishuka chini ya paa la tanuru, yaani bamba la chuma lililo juu ya moto ndani ya boila, bamba lile halipozwi tena. Kizibo cha madini ya risasi kilichowekwa kwenye bamba hilo huyeyuka na mvuke kumwagikia motoni. Hapo safari imekwisha, na bila kizibo hicho boila inaweza kupasuka. Kwa hiyo tenki libebe maji ya mzunguko mzima na theluthi moja ya akiba, na mnara wa maji uwepo nusu ya njia.

La pili, njia yenyewe. Ekseli mbili za kuvuta hazipindi. Kwenye kona kali kingo za magurudumu husaga reli na kuisukuma nje. Hapo huongezwa milimita chache za upana na huwekwa reli ya ndani ya kulinda gurudumu. Jua nalo lina lake: reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita 5.5. Maungio yakibanwa bila nafasi, na kokoto zikiwa chache pembeni mwa mataruma, reli hupinda kama nyoka na treni kuacha njia. Kelele karibu na mahema ni jambo dogo, ila mgeni aliyelipia usingizi hasahau.

Mabasi yalibaki kufanya kazi ile. Mabehewa mawili yaligeuzwa vibanda vya tiketi huko Pleasure Island, eneo la burudani za usiku la hapo hapo Walt Disney World.

Mwenye mpango kama huo hapa kwetu amwombe muuzaji takwimu moja kabla ya kulipa: lita za maji kwa kila kilomita, mabehewa yakiwa yamejaa. Asipopewa, asinunue.

Fundi mstaafu wa reli,
Tabora