Iliandikwa kwa jina la nani?

Langoni, Lamu
Jumanne, baada ya isha

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe na watoto na baba yao? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Kusi limeshaingia, bahari imechafuka, na wageni sasa ni wa kuhesabu kwa vidole. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani, na najua utasema Mwanaidi haandiki ila akiwa na shida. Ni kweli. Nina shida.

Tovuti ya nyumba ya wageni ya Mama Mkubwa imepotea.

Sisemi imeharibika. Imepotea. Yule Mjerumani wetu wa kila Agosti alituandikia WhatsApp akiuliza kama tumefunga biashara, maana akiandika anwani yetu anaona ukurasa mweupe wenye matangazo ya watu wengine. Nikajaribu mimi, nikaona hayo hayo. Nikampigia yule kijana aliyetutengenezea, unamjua, sina hamu hata ya kuliandika jina lake usiku huu. Simu inaita, haishikwi. Siku ya tatu haipatikani kabisa. Swaleh anasema yuko Nairobi, Athumani anasema yuko Qatar. Mimi nasema popote alipo, ameondoka na anwani yetu mfukoni.

Sasa sikiliza kilichonikalisha chini nikuandikie barua hii yote badala ya ujumbe wa sauti. Nilipanda juu darini kumwambia Mama Mkubwa. Njiani kwenye ngazi najipangia maneno: nitamweleza vipi domeni ni nini, ile anwani ya tovuti; hostingi ni nini, kule kukodi mahali pa kuiweka; seva iko wapi, ile kompyuta inayoihifadhi. Hakuningoja nifike huko. Aliweka kikombe cha kahawa akaniuliza, "Iliandikwa kwa jina la nani?"

Zuhura, mtu ambaye simu yenyewe anashikiwa! Mimi niliyesoma kompyuta miezi sita sikuwahi kuliuliza swali hilo, miaka yote minne. Lakini yeye anatoka katika watu waliolima lile shamba la ng'ambo ya Mokowe mpaka minazi ikazeeka, kisha wakaambiwa karatasi hawana. Ukimwambia mtu wa rika lake kwamba mali imepotea, hakuulizi iko wapi. Anakuuliza hati.

Nami jibu sikuwa nalo. Nikaenda kutafuta. Majina yote yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC, na pale kwao kuna mahali pa kuandika jina ukaonyeshwa liliuzwa na kampuni gani na linamalizika lini. Letu lilikuwa limemalizika mwezi uliopita. Nikaipigia ile kampuni iliyouza. Dada aliyenijibu alikuwa na adabu sana, na kwa adabu hiyo hiyo akaniambia mteja wao ni yule kijana, barua pepe ni yake, na mimi hawanijui. Nikamwambia lakini jina ni la nyumba yetu, limeandikwa hata kwenye kibao pale mlangoni! Akasema anasikitika. Tukimpata mwenyewe akatoa ile namba ya siri ya kuhamishia jina, litahama siku hizo hizo. Au tungoje lifunguliwe liuzwe upya, tuombe Mungu asitutangulie mtu.

Na pesa tulimpa mkononi. Shilingi 15,000, Mama Mkubwa alizitoa kwenye kile kikopo chake, wala hatukuandikiana risiti. Niliona haya kudai risiti kwa mtoto wa mtaani kwetu. Haya hiyo nimeilipia.

Basi nimeanza upya, na ndipo ninapokuhitaji wewe, maana hoteli yenu huko Malindi mmehama seva mara mbili na hamjawahi kupotea hata siku moja.

Wa kwanza kuja kuniuzia nafasi ya seva alikuwa mtu wa "lipa mara moja, utumie milele", shilingi 3,500. Nikacheka peke yangu. Yeye mwenyewe seva anaikodi kwa mwezi, hiyo milele ya kunigawia mimi ataitoa wapi? Lakini nilimsikiliza, unanijua. Akataka nitume kwa namba yake ya simu. Nikamwomba tili ya kampuni, ile namba ya M-Pesa ya kulipia biashara, akasema leo tili ina matatizo. Kesho yake bado ina matatizo. Nikamwambia basi ikipona atanijulisha, ningali nangoja.

Wa pili ni kampuni ya ng'ambo. Bei yao inapendeza macho: dola mbili na senti kwa mwezi. Nikashuka mpaka chini kabisa kwenye yale maandishi ya sisimizi. Bei hiyo ni ukilipa miaka 4 kwa mkupuo, na ukimaliza, ya kuendelea ni zaidi ya mara tatu. Na domeni ya bure ni ya mwaka wa kwanza tu. Hakuna waliposema uongo, wamepanga herufi kubwa na ndogo tu. Siku hizi siulizi tena ni bei gani. Nauliza mwaka wa pili ni bei gani, na kodi imo au haimo, maana mmoja wa hapa Kenya alinitajia 4,000 kisha ankara ikaja na asilimia 16 juu yake.

Wa tatu, wa Nairobi, ndiye ninayemwelekea. Domeni ya .co.ke kama elfu moja hivi kwa mwaka, na nafasi ndogo kabisa ya seva 2,800. Gigabaiti 5. Swaleh ananikataza, anasema nichukue ile "isiyo na kikomo". Ya nini? Nyumba ina vyumba sita, dari, na paka. Picha tulizokuwa tumeweka zilikuwa nzito kwa sababu yule kijana alizipandisha kama zilivyotoka kwenye simu, moja megabaiti tano. Juzi nimezipunguza zote, kila moja haifiki hata robo ya megabaiti, na kwenye skrini huoni tofauti. Zile nilizokuwa nazo lakini. Za ufunguzi wa dari, za siku Bi Nuru alipowafundisha wale Wataliano kupika mkate wa mofa, zilikuwa kwenye seva peke yake. Hatukuweka nakala. Nikikumbuka hapo natamani kumpigia tena yule mtu, saa hizi hizi, hata nikimkuta usingizini Doha.

Mmoja mwingine, nilitaka kumsahau, alinidai 6,000 kwa mwaka eti ni za kile kikufuli kinachotokea kando ya anwani. Wakati shirika la Let's Encrypt linatoa bure tangu 2015 cheti kinacholeta kikufuli hicho, kinadumu siku 90, na seva iliyotengenezwa vizuri inakihuisha yenyewe bila wewe kujua. Yule wa Nairobi anakiweka bila malipo. Halafu kuna watu wanaona kufuli wanadhani ndiyo uaminifu. Kufuli ni kwamba njiani hakuna anayesoma unachoandika, basi. Aliye mwisho wa njia anaweza kuwa mwizi mwenye kufuli zuri.

Haya, malipo sasa. Hapa ndipo ninapokosa usingizi.

Yule wa Nairobi ana tili. Nimeijaribu mpaka kabla ya kuweka PIN, jina lililojitokeza ni la kampuni, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye ankara. Nikakata, nikatulia kidogo. Ukilipia kwenye ukurasa wao, ujumbe wa M-Pesa unakuja kwenye simu yako na PIN unaibonyeza hapo kwenye simu. Mdogo wangu aliniuliza ikiwa ukurasa wenyewe utamwomba PIN je? Nikamwambia ukurasa ukikuomba PIN ya M-Pesa, funga, osha mikono.

Lakini tukichukua wa ng'ambo ni kadi. Mama Mkubwa ana kadi ya benki, ile inayoingia pesa za wageni wote. Na wakala mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliniambia nimpigie picha mbele na nyuma nimtumie kwa WhatsApp "anisaidie kulipa". Mbele na nyuma! Tarakimu zote, na zile 3 za mgongoni. Si afadhali nimpe ufunguo wa kabati nimwonyeshe na kisanduku?

Athumani akaniambia nitumie GlobalPay, ile ya Safaricom na Visa waliyoitoa 2022. Kadi isiyo na plastiki, unaifungua kwa *334# au kwenye programu yao, inachota kwenye M-Pesa yako. Niliipenda kwa jambo moja: zile tarakimu 3 zinadumu muda mfupi, kisha unaomba nyingine. Atakayeziiba leo, kesho hazimfai. Naweza kuweka kiasi cha ankara tu kwenye laini, nikalipa, ikabaki tupu. Ila nikafikiri tena. Kampuni za ng'ambo hupenda kujikatia zenyewe mwaka ukiisha. Zisipokuta kitu zinakutumia barua pepe, na usipoisoma hiyo barua pepe, tunarudi kwenye ukurasa mweupe. Usalama ule ule ndio unaoweza kututoa tena barabarani. Kwa hiyo nimeandika tarehe ukutani jikoni, kwa makaa, juu ya mtungi. Mama Mkubwa amekasirika kwa chokaa yake, lakini haijafutwa.

Swaleh, Mungu ambariki, akajitolea kulipa kwa kadi yake mwenyewe tumrudishie polepole. Nikakataa, akanuna. Sikumkataa kwa ubaya. Uzuri wa kadi ni kwamba ukidhulumiwa unaweza kwenda benki yako kupinga malipo, na ikithibitika unarudishiwa. Anayekwenda lakini ni mwenye kadi. Kesho Swaleh yuko safarini na samaki, nami nimekaa na malalamiko yasiyo yangu. Tumeshatoka kwa mtu mmoja mwenye jina letu, hatuingii kwa mwingine, hata akiwa ndugu. Na ndiyo maana wewe pia sikuombi unilipie, usije ukasema "tuma tu, nitamalizana nao". Nakujua.

Nimefungua barua pepe mpya ya nyumba. Siyo yangu, ni ya nyumba, na namba ya kurejeshea ni ya Mama Mkubwa. Nywila imeandikwa kwenye karatasi, karatasi imekunjwa ndani ya kile kisanduku chake cha Siyu pamoja na cheti cha ndoa. Usinicheke. Hakuna mwizi wa Qatar atakayefika humo.

Binamu yetu anasema ujinga wote huu wa nini, tukae kwenye zile tovuti kubwa za kuuza vyumba. Tumo. Wanakata asilimia 15 kwa kila mgeni, na mgeni anadhani ni wao. Yule Mjerumani anakuja mwaka wa saba, anatuandikia sisi, kwa jina letu. Ndiyo huyo ninayemtafutia mlango.

Sasa niambie. Nyinyi mnalipa kiasi gani kwa mwaka, na mwaka wa pili walipandisha? Domeni ya hoteli iko kwa jina la bosi au la kampuni? Mlipohama, ile namba ya kuhamishia ilichukua siku ngapi kutoka? Nakala ya tovuti mnaiweka wapi, na nani anaikumbuka? Nikikutumia ankara ya huyu wa Nairobi utaisoma kesho, kabla sijabonyeza? Nataka jicho lako kwenye masharti ya kuhuisha tu, mengine nimeshayasoma mpaka nimeyakariri. Na wewe, kwenye ile simu yako ya zamani, huna picha za siku ya mofa? Hata mbili? Ulisimama karibu na Bi Nuru, nakumbuka ulikuwa na buibui la maua. Na utapanda lini basi uje? Au mpaka tovuti irudi ndipo uone kuna nafasi?

Wasalimie wote. Mwambie mumeo ile redio imeshatengenezwa.

Wako,
Mwanaidi

Nimesahau: Mama Mkubwa anasema ukija ulete korosho, kilo mbili, na risiti.