Barua ya wazi kwa madaktari vijana wa meno: nuseni wenyewe

Wanangu mnaofungua kliniki Umoja, Kayole na kando ya Thika Road,

Anayenuka mdomo hasemi hivyo. Atasema jino linamsumbua, ataongea amejikinga kwa kiganja, na akishashika kitasa cha mlango ndipo ataulizia dawa ya kusukutua. Msimuuzie chupa na kumwacha aende. Mrudisheni kitini, fungeni mlango, mnuse.

Ndiyo, kwa pua zenu. Mashine za kupima gesi za salfa zipo, bei yake mnaijua, na pua bado ndiyo kipimo tunachokitegemea: 0 hakuna harufu, 5 haivumiliki. Siku ya kupimwa asile vitunguu, asivute sigara, asijipake manukato. Afumbe mdomo apumue kwa pua, kisha abane pua apumue kwa mdomo. Ikitoka puani peke yake, ni kazi ya daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto anayenuka tundu moja la pua, huenda amejitia shanga au punje ya mahindi.

Lakini mara nyingi chanzo kimo kinywani, na hapo ndipo mnaponiudhi: mnahesabu meno mkisahau ulimi. Chukueni kijiko cha plastiki, kwangueni ulimi nyuma kabisa, subirini kidogo, mnuse ule utando wa njano. Pitisheni uzi kati ya magego, mnuse nao. Bakteria waliojificha humo na chini ya fizi huvunja protini na kutoa salfa, na mswaki hauwafikii. Ondoeni ugaga chini ya fizi, mfundisheni kukwangua ulimi kila siku. Muulizeni dawa anazomeza, na miraa pia, maana mdomo mkavu hunuka. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini iwe ya muda mfupi. Ikizidi, meno hugeuka kahawia.

Akinuka kama matunda yaliyoiva mno, ana kiu na anakojoa mara kwa mara, acheni meno. Apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Kuna na yule asiyenuka kabisa, ila ameacha kupanda matatu kwa aibu. Msimcheke, wala msimsafishe meno ili mpate ada. Mpimeni siku mbili tofauti, aje na ndugu anayemwamini, naye anuse aseme. Asipokubali bado, zungumzeni naye taratibu kuhusu mshauri wa afya ya akili, na mumpigie huyo mshauri simu nyinyi wenyewe.

Mzee wenu wa kazi,
Nairobi