Paka aliyerudi usiku si ushahidi wa uchawi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo watu wengi hapa Tabora wanalijua lakini hulisema kwa kunong'ona. Ni zile dalili anazoziona au kuzisikia mtu baada ya kufiwa na mnyama aliyekaa naye nyumbani miaka mingi: mbwa aliyekwisha kuzikwa anasikika akitembea barazani, paka aliyekufa anahisiwa akipanda kitandani, au anakuja ndotoni akiwa mzima na manyoya yake yanang'aa. Ninaandika kwa sababu dalili ya namna hiyo imemhamisha mama mzee mmoja kutoka katika nyumba aliyoishi tangu alipoolewa, na mimi jirani yake nilichelewa kufungua kinywa.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Marehemu mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na mwaka mmoja kabla ya kustaafu alileta nyumbani mtoto wa mbwa, akampa jina la Hayawahusu, kwa kuwa wakati ule watu walikuwa wakituteta kwa sababu hatukujaliwa mtoto. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa kwamba jina la mbwa ni ujumbe kwa majirani. Mume wangu alipofariki, mbwa yule alibaki nami miaka tisa. Kila siku saa kumi na nusu alfajiri, saa ambayo mwenyewe alikuwa akitoka kwenda zamu, Hayawahusu aliinuka chini ya mwembe, akapanda baraza, akatembea mpaka mlangoni na kukaa. Baraza langu ni la saruji, hivyo kucha zake zilisikika moja moja, na baada ya kila hatua tatu ukafuata mkwaruzo wa mguu wa nyuma wa kushoto, ambao alikuwa akiuburuta tangu alipogongwa na pikipiki. Kwa miaka yote hiyo sikuhitaji saa ya kuniamsha.

Alikufa kwa uzee mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zilipoanza. Kijana wa jirani alinisaidia kuchimba, nikamzika nyuma ya nyumba nikiwa nimemfunika kwa koti kuukuu la kazi la mume wangu. Siku ya nne, saa kumi na nusu, nilisikia kucha. Sikuwa usingizini, nilikuwa nimekaa kitandani na rozari mkononi. Hatua tatu, mkwaruzo. Hatua tatu, mkwaruzo. Kisha kimya pale mlangoni. Nilipofungua, baraza lilikuwa tupu, limelowa mvua, halina alama ya unyayo hata mmoja. Nilisikia tena mara mbili kabla ya Krismasi, na baada ya hapo sikusikia tena. Chini ya mwembe lipo bado shimo la kina cha kiganja alilolichimba kwa kulala kwake. Mvua za msimu mzima hazikulifukia, na kuku wangu, ambao hujitifua vumbini popote wapendapo, hulizunguka shimo lile na kwenda kutifua kwingine.

Katika kazi yangu nimekaa na wafiwa wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu. Mama aliyempoteza mtoto mchanga aliniambia kwamba usiku humsikia akilia na maziwa humtoka. Mzee aliyemzika mkewe aliniambia kwamba huwa anamsikia akisonga ugali, mwiko ukigonga sufuria, na humwita kabla hajakumbuka. Hawakuwa wagonjwa wa akili. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza matokeo ya mazungumzo yake na wajane na wagane 293, na karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumwona, kumsikia au kumhisi mwenza aliyekufa; wengi walisema jambo hilo liliwafariji, na wengi vilevile walikuwa hawajamsimulia mtu yeyote mpaka yeye alipowauliza. Daktari yule alizungumza na watu waliofiwa na watu. Lakini sikio lililomsubiri kiumbe yule yule, saa ile ile, kwa miaka tisa, haliwezi kuacha kusubiri kwa sababu tu mwili umefukiwa, na sioni kwa nini mbwa apewe hesabu tofauti hapo.

Watakuwapo wasomaji watakaosema kwamba basi yalikuwa masikio yangu tu. Sigombani nao. Mimi ninaamini kwamba nilipewa nafasi ya kumuaga, na aliyenipa nafasi hiyo ni Mungu aliyemuumba mbwa kabla hajaniumba mimi. Mhubiri katika Biblia anauliza ni nani ajuaye kama roho ya binadamu hupanda juu na roho ya mnyama hushuka chini, na swali lake akaliacha hivyo hivyo, wala mimi sitajifanya kulijibu. Jirani zangu Waislamu nao wananikumbusha kwamba Kurani, katika Sura ya Al-An'am, inasema wanyama wa nchi kavu na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Anayedai kwamba kumlilia mnyama ni upungufu wa dini angefanya vema kusoma kwanza.

Wala si mambo ya kuigwa kutoka Ulaya, kama nilivyosikia mtu akisema msibani. Babu zetu Wanyamwezi waliwinda na mbwa na walilinda mifugo na mbwa muda mrefu kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Walijenga vijumba vya mizimu kando ya nyumba zao, na marehemu alipokuja ndotoni walihesabu kuwa ni salamu inayotaka kujibiwa. Bibi yangu mzaa mama aliweka unga kidogo kwa ajili ya wazee wa ukoo. Kwa mbwa hakuweka kitu, kwa maana tambiko ni la watu. Lakini mbwa wa babu alipokufa na bibi akamwota, alituhadithia asubuhi tukiwa tunapura mtama, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na hakuna aliyeondoka pale kwenda kumtafuta mchawi.

Nakuja sasa kwa jirani yangu, ambaye sitamtaja jina wala mtaa. Ana zaidi ya miaka themanini, ni mjane, anapikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, na macho yake ni mekundu kwa moshi kama yalivyo macho ya kila mwanamke mzee anayepikia kuni. Alikuwa na paka jike mweupe mwenye baka la kahawia sikioni, aitwaye Sharifa. Wawili hao walikula sahani zinazofanana, za bati lenye maua mekundu, yeye mkekani na paka mkekani. Sharifa alikufa baada ya kula panya aliyekuwa amelishwa sumu, akafia mapajani mwa bibi usiku mzima akitoa povu. Nilikuwapo, na sikuwa na la kufanya.

Wiki mbili baadaye, tukiwa kwenye foleni ya maji, bibi alisema mbele ya watu, tena kwa furaha kabisa: "Mwanangu, jana usiku Sharifa alikuja. Alinilalia miguuni kama kawaida yake, na miguu yangu ilipata moto mpaka asubuhi." Mimi nilitabasamu. Wengine walitazamana.

Siku chache baadaye mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwake alishikwa na degedege. Wasomaji wanajua jinsi neno hilo linavyobeba mambo mengi katika vinywa vyetu, kwamba ni dege aliyepita juu ya paa, kwamba ni kitu kilichotumwa. Nimelihudumia degedege maisha yangu yote ya kazi, na mara nyingi sana lilikuwa ni homa kali ya malaria katika mwili mdogo. Mtoto alipelekwa hospitali, akapimwa, akatibiwa, akapona na sasa anacheza. Lakini kabla ya hospitali, ndugu wa familia hiyo walikwenda kwa mpiga ramli, naye, baada ya kupokea fedha na jogoo mwekundu, aliwauliza swali moja tu: je, hapo mtaani kuna mtu mwenye paka anayetembea usiku? Ninaomba msomaji alitazame swali hilo vizuri. Mpiga ramli hakumtaja mtu. Aliyemtaja ni yule aliyesimama nyuma ya bibi kwenye foleni ya maji.

Usiku uliofuata mawe yalianza kudondoka juu ya bati la bibi, na yakaendelea kwa siku tano. Siku ya sita mwanawe alikuja kutoka Nzega akamchukua. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia, kisha akasema: "Ningejua, nisingesema kwamba nilimwona." Neno hilo limenikaa kifuani kwa sababu najua wangapi wamelisema kimoyomoyo. Mikoa yetu ya magharibi, pamoja na Kanda ya Ziwa, imezika wanawake wazee waliouawa kwa tuhuma zilizoanza na vitu vidogo kuliko paka. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inamhesabia kosa mtu anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi, na mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwa hiyo tunayo sheria ya kumlinda bibi, ila aliyerusha mawe hakuulizwa na mtu, na mimi pia sikumuuliza.

Natamani watu hao wangejua kwamba si lazima jambo la namna hii limalizikie kwa kumtafuta wa kulaumiwa. Barua kama yangu iliwahi kuandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwezi Julai 1904 mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Rider Haggard, alimwandikia mhariri wa gazeti la Times la London kwamba, usiku wa tarehe 9 mwezi huo, aliota mbwa wa binti yake, aitwaye Bob, amelala ubavu kwenye vichaka kando ya maji, akijaribu kumweleza kwamba anakufa. Mkewe alimwamsha kwa sababu alikuwa akigumia usingizini. Siku chache baadaye mzoga wa Bob ulikutwa ukielea mtoni, na wafanyakazi wa reli walipoulizwa ikabainika kwamba aligongwa na treni darajani. Haggard alichukua maelezo ya watu wa nyumbani kwake na ya wafanyakazi hao, akayapeleka gazetini pamoja na barua yake. Mimi, mjane wa mtu wa reli, niliposoma habari hiyo nilisimama kwanza nikaenda kuchota maji ya kunywa. Mtu yule aliamini kwamba mbwa alimjia. Hata hivyo alipouliza mbwa alikufaje, aliwauliza wanaoijua reli, akapata jibu la treni, wala hakuna bibi wa kijiji chake aliyerushiwa mawe.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na ninayaomba kwa heshima. Wenyeviti wa mitaa wasikiapo kwamba mzee fulani "anatembelewa na paka", waende wenyewe wakamjulie hali siku hiyo hiyo, mchana, watu wakiona. Wachungaji na masheikh wasione aibu kutaja mimbarini kwamba mtu anaweza kumwota mnyama wake. Na mnyama akifa ghafla, hasa mbwa aliyebadilika tabia au kuuma mtu, aitwe afisa mifugo, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kisha akimbilie chanjo, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakina dawa. Hiyo ndiyo dalili ya kuogopwa.

Kwako Mhariri nina ombi moja linalokugusa moja kwa moja. Magazeti yetu hupokea matangazo ya watu wanaojitambulisha kuwa wanafasiri ndoto, wanarudisha nyota na kumtaja adui yako kwa simu. Mfiwa aliyelala macho wiki nzima akisikia kucha za mbwa wake ndiye anayeinakili namba yao ya simu kwenye kipande cha karatasi. Ninaomba gazeti lako liyakatae matangazo hayo, hata kama yanalipa, na mahali pake liwaruhusu wasomaji wasimulie walivyofiwa bila kudaiwa jogoo.

Bibi bado yuko Nzega. Siku ile ya kufunga mizigo alinipa sahani ya bati ya Sharifa nimtunzie, kwa kuwa aliogopa kwamba ikikutwa kwenye mizigo yake kule ugenini itamletea maneno mengine. Nimeiweka juu ya kabati, kando ya sufuria iliyobonyea ya Hayawahusu. Kila anapopiga simu, tukimaliza kusalimiana, ananiuliza kama bado ipo, nami huinuka nikaitazame kwanza ndipo nimjibu kwamba ipo.

Ni mimi,
Muuguzi mstaafu,
Tabora.